Walioitwa Waharibifu

Siku ya kwanza Hidaya Shekiondo alipoketi kwenye Baraza la Mwendo, shauri la kwanza lililoletwa lilikuwa la mwanamke aliyeshitakiwa kwa kutembea kupita kiasi.

Karani alilisoma bila kuinua macho. Bi. Mwanjaa Hoza, mkulima wa mapeasi huko Magamba, alikuwa amewekewa goti la chuma na Mamlaka ya Viungo miaka mitatu iliyopita. Goti lilikuwa na mgawo wake wa mwendo kama magoti yote, nalo lilitarajiwa kumfikisha uzeeni. Sasa kisomeo, chombo cha kupimia magoti, kilionyesha kwamba ngozi ya chuma, ule uso mgumu unaolikinga goti, ilikuwa imekwisha karibu yote. Kwa hiyo Mamlaka iliomba Baraza limtangaze mharibifu, goti litolewe, na mguu utiwe fimbo ya chuma iliyonyooka, usikunjike tena.

Mitaani hawakusema hivyo. Walisema kupigwa nondo. Ukipita sokoni Lushoto siku hizo uliwaona watu wa nondo wamekaa pembeni, mguu mmoja umetokeza mbele kama mpini wa jembe, na wapita njia wakiuruka bila salamu. Hakuna aliyewaonea huruma. Mharibifu alikuwa amepewa chuma ambacho mwenzake alikingojea akitambaa sakafuni, naye akakichezea.

Mwenyekiti wa Baraza, Bwana Hemedi Kaniki, hakimu mstaafu mwenye sauti ya upole, alimgeukia mshitakiwa. "Una lipi la kusema, mama?"

Bi. Mwanjaa alikuwa mwanamke wa makamo, kajitanda kanga juu ya sweta la kijivu. Hakusimama.

"Nina swali kwanza, mheshimiwa. Nimetembea kwenda wapi?"

"Kisomeo hakisemi wapi. Kinasema kiasi."

"Basi niwaambie mimi. Shamba langu liko mteremkoni. Nilimkodisha jirani mwaka ule ule niliowekewa goti, ili nisipande na kushuka. Maji naletewa. Kuswali naswalia kitini, sebuleni. Mama yangu mzazi alipofariki, msiba ulikuwa Mlalo, gari linaishia barabarani, kutoka pale ni kupanda kwa miguu. Sikwenda. Nilikaa nyumbani kulilinda goti lenu. Ndugu zangu mpaka leo hawanisemeshi. Ndiyo maana nauliza, huo mwendo mnaonidai niliutembea wapi?"

Upande wa pili wa ukumbi aliketi Mkurugenzi wa Mamlaka, Dk. Elieskia Mbwambo. Alivua miwani, akaifuta kwa tai.

"Mheshimiwa, wote husema hivyo. Hajaletwa hapa hata mmoja akakiri kutembea."

Hidaya, injinia wa vyuma, alikuwa ameteuliwa juma lile lile, baada ya miaka mingi ya kusimika matanuri mikoa ya mbali. Hakukusudia kusema neno siku ya kwanza. Lakini maneno yale yalimgonga.

"Hata mmoja, Daktari?"

"Hata mmoja."

"Na hilo halijawahi kukushangaza?"

Dk. Mbwambo alimtazama kwa mshangao wa mtu aliyedhani yuko na mwenzake. Na kweli alikuwa mwenzake. Ngozi ya chuma waliibuni pamoja, wakiwa bado vijana wenye tanuri moja bovu na chumba cha kuazima.

Hidaya aliinuka, akaenda akapiga magoti mbele ya kiti cha Bi. Mwanjaa. "Naomba ruhusa yako, mama." Akaweka kiganja juu ya goti. "Likunje kidogo. Sasa linyooshe."

Chini ya kiganja chake kitu kilisaga. Ni mkwaruzo mdogo, mkavu, wa mchanga kati ya vyuma viwili. Hidaya aliacha mkono pale kwa muda. Ngozi inayoisha kwa kutembea huisha kama kipande cha sabuni, huku ikiwa laini hadi mwisho wake. Haisagi.

"Mheshimiwa mwenyekiti," alisema bila kugeuka, "naomba shauri hili liahirishwe."

*

Magoti yaliyotolewa miilini mwa watu yalikuwa stoo, nyuma ya jengo la Mamlaka, yamejazwa kwenye mapipa yakingoja kuyeyushwa. Hidaya aliomba moja, akapewa. Kwenye maabara alilikata kwa msumeno wa almasi, akausugua uso wa mkato kwa msasa laini na laini zaidi, mpaka akajiona sura humo. Kisha akaudondoshea asidi.

Chuma cha hospitali hakishiki kutu kwa sababu ya kromi iliyomo ndani yake, ambayo hukifunika kwa utando usioonekana. Udhaifu wake ni ulaini: kikisuguliwa huchubuka. Ndiyo maana Hidaya na Mbwambo walikiingiza kwenye tanuri lililonyonywa hewa, wakalitia gesi ya naitrojeni kidogo, wakapitisha umeme mpaka gesi ikawaka kwa rangi ya zambarau. Chembe za naitrojeni zilijipenyeza kwenye uso wa chuma zikajibana humo, na uso ule uliosongamana ukawa mgumu mara kadhaa kuliko ulivyokuwa, na bado haukushika kutu. Hiyo ndiyo ngozi.

Lakini ina sharti lake. Moto uwe mdogo na kazi iwe ndefu. Moto ukizidi, kromi huacha ulinzi na kushikana na naitrojeni. Ngozi hutoka nene, ngumu, ya kupendeza machoni, na siku ya kwanza hufaulu kila kipimo cha ugumu. Ila haina mlinzi. Ikikaa mwilini, chumvi ya mwili huila polepole. Hubanduka vipande vidogo kuliko vumbi, na vipande hivyo, kwa kuwa ni vigumu, huisaga ngozi iliyobaki.

Ngozi iliyopikwa kwa moto mdogo asidi haiiwezi, hubaki nyeupe. Hidaya aliinamia darubini. Ngozi aliyoiona ilikuwa nyeusi tii.

Alikata la pili, akakata la tatu kutoka pipa jingine. Alifungua kabati la maabara akatoa goti la mfano la miaka ya mwanzo, alilolipika kwa mikono yake, akalitia asidi ile ile. Likabaki jeupe. Akarudi kwenye mapipa, akakata mengine mpaka msumeno ukaanza kuteleza, na yote yalikuwa meusi.

Hasira haikumjia hapo. Makosa ya tanuri aliyazoea, yeye mwenyewe aliwahi kuunguza kazi nzima akalia chooni. Hasira ilimjia alipokinyanyua kisomeo kilichokuwa mezani, kile wanachokipitisha juu ya goti la mgonjwa, akakumbuka kinavyofanya kazi. Hakihesabu hatua. Kinapima tu, kwa kupitia nyama, unene wa ngozi iliyobaki, kisha kinakisia mwendo: imepungua hivi, basi umetembea hivi. Mtu angeweza kulala kitandani mwaka mzima asikanyage chini, goti likajila lenyewe, na kisomeo kikamshitaki kwa kutembea.

Mtu fulani alikuwa amekaa akayaona magoti yanarudi, akajua ni kwa nini, na bado akaendelea kukipeleka chombo hiki barazani kama shahidi.

*

"Umekata mangapi?" aliuliza Dk. Mbwambo.

"Ya kutosha."

Hakukana. Alifunga mlango wa ofisi, akamwonyesha kiti, na Hidaya hakukaa.

"Wewe ulikwenda Kigoma kusimika matanuri," alisema Mbwambo. "Mimi ukaniachia foleni. Uliiona ile foleni? Watu wamevaa malapa mikononi ili viganja visichanike. Mama mmoja alimlea mwanawe akitambaa jikoni, mtoto akajifunza kutembea kabla ya mamake. Tanuri linanitolea magoti ya kuhesabika kwa vidole. Nikaongeza moto. Kazi ya siku mbili ikawa kazi ya asubuhi moja. Wale watu walisimama, Hidaya. Wengi bado wamesimama mpaka leo."

"Ulijua lini kwamba yanajila?"

"Yalipoanza kurudi."

"Na yalipoanza kurudi ulifanya nini?"

Mbwambo aligeukia dirisha. Nje, mtu alikuwa akivuta kiti cha magurudumu kwenye kokoto.

"Ningesema tanuri limekosea, mradi mzima ungefungwa. Wangeturudisha wote nyumbani, na foleni ingerudi kutambaa. Unawajua wanavyoogopa lawama huko juu."

"Kwa hiyo ukasema watu wametembea sana."

"Ilikuwa njia iliyobaki."

"Nisikilize, Elieskia." Hakuwahi kumwita kwa jina lake tangu wajuane. "Habari ya moto ungeniambia, tungegombana, tukatafuta dawa yake. Moto ni kosa la kazi. Lakini wewe umemdhuru mtu, kisha ukamshitaki kwa madhara uliyomtia mwenyewe. Ukawaambia majirani zake wamchukie. Ukamkaza mguu kwa chuma, na huo mguu ukawa ushahidi wa uovu wake kila anapokwenda sokoni. Mwanamke yule hakwenda kwenye msiba wa mamake kwa kukuamini wewe."

"Najua."

"Hujui. Ungejua usingeweza kukaa pale ukifuta miwani."

Mbwambo aliweka mikono yote miwili mezani. Alionekana amechoka kuliko umri wake, na Hidaya alichukia kwamba aliliona hilo.

"Nitaushusha moto," alisema. "Leo hii. Bi. Mwanjaa atapata goti jipya, nitalipika mwenyewe kwa moto mdogo, na shauri lake litaondolewa. Wengine nitawaita mmoja mmoja, bila kelele, kadiri tutakavyoweza. Ninachokuomba ni kunyamaza tu. Ukisema hadharani, mradi utafungwa, na yule mama ataingia kwenye nondo kama wenzake, kwa sababu hakutakuwa na goti jingine la kumpa. Niite nitakavyostahili. Lakini wafikirie watu kabla hujajifikiria ulivyo msafi."

Maneno ya mwisho yalimchoma kwa sababu hayakuwa ya kipumbavu.

*

Kesho yake alipanda Magamba. Bi. Mwanjaa alikuwa barazani kwake, kwenye kiti cha plastiki, mguu ameupumzisha juu ya kigoda. Chini yake shamba liliteremka hadi bondeni, na jirani aliyelikodi alikuwa juu ya ngazi akichuma mapeasi.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Vuta hicho kiti."

Hidaya alimweleza yote: moto, kromi, kisomeo, maneno ya Mkurugenzi. Hakupunguza kitu. Bi. Mwanjaa alisikiliza macho yakiwa kwenye ngazi ile.

"Kwa hiyo sikuliharibu mimi."

"Hukuliharibu, mama. Hata ungelala kitandani miaka yote, lingeisha vile vile."

"Rudia."

Hidaya alirudia.

Bi. Mwanjaa alishika ncha ya kanga yake, akaikunja, akaikunjua. "Ina maana ningetembea tu," alisema. "Miaka yote hiyo. Kama lingeisha vile vile, si ningetembea tu. Ningeshuka shambani kwangu. Ningepanda Mlalo."

Hidaya alisema, "Mkurugenzi anakupa goti jipya kama nitanyamaza. Sikutaka kuamua bila wewe. Nimeona ni haki yako kusema tufanyeje."

Hapo ndipo mwanamke yule alipomgeukia, na Hidaya akaona kwamba utulivu wake wa siku ya shauri ulikuwa wa kujizuia.

"Usinifanyie hivyo. Mliniambia kaa, nikakaa. Mkaniambia nimetembea, nikaletwa mbele ya watu kama mwizi. Leo umepanda mpaka hapa kuniletea mzigo mwingine wenu. Nikisema nichukue goti, utanyamaza kwa ajili yangu, na waliopigwa nondo watakuwa juu yangu mimi. Nikisema usinyamaze, wanaotambaa wakikosa magoti nitakuwa mimi niliyewakosesha. Nani anakijua chuma hiki, mimi au wewe?"

"Mimi."

"Nani alikipika mwanzo?"

"Mimi na yeye."

"Basi amua mwenyewe. Halafu niambie umeamua nini, nijue kama nikuchukie au la."

Hakumkaribisha chai. Hidaya alishuka kwa miguu hadi barabarani, masikio yakimwaka moto. Alikuwa amekwenda kutafuta ruhusa na kuiita heshima, na yule mama alikuwa ameliona hilo kabla yeye mwenyewe hajaliona.

Kabla hajafika chini alimpigia simu. "Nitasema," alimwambia. "Huenda ukakosa goti kwa sababu yangu."

"Nimesikia," alisema Bi. Mwanjaa, akakata.

*

Baraza lilipoketi tena, ukumbi ulikuwa umejaa watu wa nondo. Bi. Mwanjaa ndiye aliyewaita. Walikaa na miguu yao imetokeza njiani, na karani ilimbidi ainue gauni lake kuvuka ili afike mezani. Safari hii hakuna aliyewaambia wasogee.

Hidaya hakwenda kwenye kiti chake. Alisimama mahali pa mashahidi.

"Injinia, kiti chako kiko huku," alisema Bwana Kaniki.

"Leo siwezi kukikalia, mheshimiwa. Mimi ni shahidi."

Aliweka mezani magoti mawili. Moja lilikuwa la mfano, la moto mdogo. Jingine lilitoka kwenye pipa. Yote mawili yaling'aa. Aliwaeleza kwa maneno machache, kisha akampa mwenyekiti kichupa cha asidi, glavu na kidondoshi, akamwomba afanye mwenyewe, ili asije mtu akasema injinia ana mkono wa kiini macho.

Bwana Kaniki alidondosha. Juu ya goti la kwanza tone lilikaa kama umande, akalifuta, na chini yake chuma kiling'aa vile vile. Juu ya la pili tone liligeuka rangi. Alipolifuta palibaki doa jeusi lisilotoka. Alilisugua kwa kitambaa, akalisugua tena kwa nguvu, kama mtu anayetaka lisiwe pale.

"Daktari," alisema polepole, "ulijua?"

Dk. Mbwambo alisimama. Kwa hilo Hidaya alimheshimu, hakuomba wakili.

"Nilijua foleni ina watu wangapi," alisema. "Na nyinyi mnaofurahi, muulizeni injinia ni wangapi watapata goti mwezi ujao tukirudi kwenye moto mdogo."

"Wachache sana," alisema Hidaya. "Anasema kweli. Wengi watangoja miaka. Lakini hakuna hata mmoja atakayeambiwa kwamba ni kosa lake."

Hakuna aliyefurahi. Mbwambo alikosea hapo. Mzee mmoja wa nondo alikuwa amefunika uso kwa kofia yake, mabega yakitikisika. Mkewe alikuwa amemwacha kwa aibu ya kuitwa mke wa mharibifu. Wengine waliitazama miguu yao, kama watu wanaotambulishwa upya kwa jamaa waliyemsingizia.

Bwana Kaniki aliamua papo hapo. Shitaka la Bi. Mwanjaa Hoza lilifutwa. Neno mharibifu lilifutwa kwa kila aliyewahi kubandikwa, na likapigwa marufuku barazani. Waliopigwa nondo wangekuwa wa kwanza kupata magoti ya moto mdogo, na wenye magoti yanayosaga wangewafuatia. Hukumu zote za nondo alikuwa amezitia sahihi yeye.

"Una la kuongeza, mama?"

"Ninalo," alisema Bi. Mwanjaa. "Andika kwamba nilikaa. Andika kwamba nilikaa bure."

Bwana Kaniki akaandika.

*

Mradi haukufungwa. Lawama ilikuwa kubwa mno kufichika, na waliokuwa juu waliona ni nafuu kumsimamisha kazi Mbwambo na kumkabidhi Hidaya tanuri. Aliushusha moto siku hiyo hiyo. Kupitia dirisha dogo la kioo alitazama gesi ikiwaka zambarau hafifu, na ndani yake magoti machache yamening'inizwa.

Kisha akatoka nje ya geti, kwa waliokuwa wakingoja.

Habari ilikuwa imewafikia kabla yake. Mwanamume aliyekuwa mbele, Mbelwa, fundi wa malori aliyepondwa miguu gereji, alikuwa amekaa kwenye kigari cha mbao, malapa mikononi.

"Mwezi huu ilikuwa zamu yangu," alisema. "Sasa?"

"Sasa si mwezi huu."

"Lini?"

"Mwakani. Huenda mwaka unaofuata. Waliopigwa nondo wamewekwa mbele yenu."

"Kwa hiyo mmewapigania waliokwisha kupata, na mimi niliyekosa ndiye ninayelipa."

Hidaya aliyatafuta maneno ya kujitetea. Yalikuwepo, mengi, na yote yalikuwa ya kweli. Aliyaacha. "Ndiyo," alisema. "Goti la moto mkali ningekuwekea mwezi huu. Ungesimama. Kisha lingeanza kujila."

"Ningelichukua."

"Najua."

"Yule mama wa Magamba ulikwenda kumuuliza. Tumesikia. Mimi hukuniuliza."

Hidaya aliketi chini kwenye kokoto, macho yao yakawa sawa. Wenye vigari nyuma ya Mbelwa walisogea wasikie.

"Sikukuuliza," alisema. "Kama ningekuuliza ungesema nichukue, nami nisingekupa. Kwa hiyo ingekuwa uongo kukuuliza."

Mbelwa alimtazama kwa hasira ambayo haikupungua, na Hidaya hakuiomba ipungue. Hatimaye alivua lapa moja, akafuta jasho usoni kwa kiganja chenye sugu.

"Basi kila juma utakuja hapa wewe mwenyewe kutuambia foleni imefika wapi. Usitume karani. Usibandike tangazo. Mimi siwezi kulikasirikia tangazo."

"Nitakuja."

Juma lililofuata alikwenda. Mbelwa alikuwa pale pale, na hasira yake ilikuwa pale pale. Hidaya aliketi kwenye kokoto, akawaeleza foleni ilivyosogea. Ilikuwa imesogea kidogo sana, na aliwaambia hivyo hivyo, kidogo sana, kisha akangoja wamjibu.